Rangi za Anga na Usiku wa Ziwa Victoria

Ni nani miongoni mwetu aliyekwisha kuliona Ziwa Victoria lote kwa mara moja? Mkazi wa Mwanza huamka nalo na kulala nalo. Hunywa maji yake, hula samaki wake, hulivuka kwenda Ukerewe kuwajulia hali jamaa zake. Hata hivyo, akipanda majabali ya Capri Point siku ya hewa safi, akaangalia mpaka macho yakachoka, anachokiona ni pembe ndogo tu ya kusini ya maji yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alisimama juu ya kilima katika sehemu hizi hizi, akaiona pembe hiyo, na papo hapo akakata shauri kwamba hapa ndipo yanapotoka maji ya mto Nile. Mwenzake Richard Burton, ambaye alikuwa amebaki Kazeh karibu na Tabora, hakukubali hata kidogo, na kwa haki. Mtu aliyeona pembe ya nyumba hawezi kuapa juu ya idadi ya vyumba. Ikawa Speke hakukosea, lakini alikisia. Wenyeji waliokuwa wakimtazama, ambao kwa lugha yao maji hayo ni nyanza, yaani ziwa, walikuwa na mambo mengine ya kuwashughulisha.

Leo ziwa zima huonekana kila siku, mchana na usiku, kwa vyombo vinavyozunguka katika anga za juu. Chombo cha kwanza cha kutazama hali ya hewa kutoka huko, TIROS-1, kilirushwa tarehe 1 Aprili 1960; Landsat ya kwanza, iliyokusudiwa kupima nchi kavu na maji, ilifuata tarehe 23 Julai 1972; na Meteosat ya kwanza, ambayo jicho lake limeelekezwa Afrika na Ulaya, mwaka 1977. Picha za vyombo hivi zilitengenezwa kwa ajili ya wataalamu. Lakini katika miaka ya karibuni zimetoka maabarani zikaingia katika majumba ya sanaa, na jambo hilo ndilo linalotufanya tuandike makala haya.

Ndugu msomaji, jaribu kufikiri chumba kikubwa chenye giza. Kuta zake nne ni sinema. Pengine hata sakafu na dari. Hakuna viti. Mtazamaji husimama katikati, na nyota, mawingu ya gesi na miamba ya sayari nyingine humpita kila upande, huku sauti nzito ikitetemesha kifua chake. Hii ndiyo sanaa ya video inayomzunguka mtu. Mwezi Machi 2021, mjini Istanbul, msanii wa Kituruki aishiye Marekani, Refik Anadol, alifungua maonyesho ya namna hiyo aliyoyaita Machine Memoirs: Space. Alichukua picha zaidi ya milioni 2 zilizopigwa na darubini ya Hubble, na kituo cha kimataifa cha angani, na chombo kinachoizunguka sayari ya Mihiri, akazitia katika kompyuta zenye akili bandia, nazo kompyuta zikatoa mawimbi ya rangi yasiyokoma. Miaka miwili kabla yake, katika maonyesho makubwa ya Venice ya mwaka 2019, Mjapani Ryoji Ikeda alitandaza juu ya ukuta mmoja mkubwa tarakimu na picha kutoka katika hazina za sayansi, kuanzia chembe ndogo kabisa hadi mpaka wa ulimwengu unaoonekana.

Jambo lenyewe si geni kama linavyodhaniwa. Mwaka 1923 kampuni ya Zeiss ilionyesha mjini Munich mashine ya kwanza ya kumulika nyota ndani ya kuba, na kati ya mwaka 1957 na 1959 wasanii wawili, Henry Jacobs na Jordan Belson, waliitumia kuba ya nyota ya San Francisco kwa maonyesho ya muziki na nuru. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Mkenya Susan Murabana na wenzake wa The Travelling Telescope wamekuwa wakizungukia shule wakiwa na darubini pamoja na kuba ya kitambaa inayojazwa upepo. Wanafunzi huingia humo wakiinama, na ndani yake hukuta usiku.

Tena yafaa kusema kwamba Msukuma hashangazwi na maonyesho yenye duara. Katika mashindano ya ngoma ya Bulabo, yanayofanyika Bujora karibu na Kisesa, makundi mawili ya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, na watu huhama kutoka kundi moja kwenda jingine; lile lililozungukwa na watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Huko watazamaji ndio wanaomzunguka msanii. Katika chumba cha Istanbul ni msanii anayewazunguka watazamaji, nao hawana pa kuhamia. Tofauti hiyo si ndogo. Mtu aliyezingirwa na picha pande zote husahau kuuliza ilitoka wapi na rangi zake zinasema nini.

Rangi hutoka wapi?

Chombo kilichoko angani hakina filamu ya kupeleka kwa msafishaji wa picha. Kina vidubwasha vidogo vinavyopokea nuru na kuipima, na kila kipimo hugeuzwa tarakimu inayosafirishwa kwa redio hadi duniani. Kinachofika ni orodha ndefu ya tarakimu. Hizo tarakimu hazina rangi. Mtaalamu aliyeko chini ndiye anayeamua: tarakimu kubwa ziwe nyeupe, ndogo ziwe nyeusi, au hizi ziwe nyekundu na zile ziwe za kijani. Wakati mwingine huchagua ili picha ifanane na vile jicho lingaliona. Wakati mwingine jicho lisingaliona chochote, kwa kuwa nuru yenyewe si ya macho yetu.

Jicho la binadamu huona mawimbi ya nuru yenye urefu wa takriban milimita 0.0004 hadi 0.0007, basi. Zaidi ya hapo kuna nuru ya joto iitwayo infraredi, na mawimbi ya redio. Chini ya hapo kuna eksirei na mingineyo. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, hutazama hasa kwa infraredi. Picha zake zilizotolewa mwezi Julai 2022, ambazo wengi walizisifu kwa uzuri, zilitiwa rangi kwa kanuni: mawimbi marefu yakapewa wekundu, mafupi yakapewa samawati. Huo si udanganyifu. Ni tafsiri, na kama tafsiri yoyote, inapendeza kujua nani ameifanya na kwa kanuni gani.

Mfano bora wa jambo hili uko chini ya pua zetu. Katika visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza wanaishi furu wa jamii mbili zilizo karibu sana kiukoo. Madume wa Pundamilia pundamilia ni wa samawati, na hukaa karibu na uso wa maji. Madume wa Pundamilia nyererei, jamii iliyopewa jina mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, wana wekundu mgongoni, nao hukaa chini zaidi. Maji ya ghuba yana vumbi na uchafu unaomeza nuru ya samawati mapema, hivyo kadiri mtu anavyozama, nuru inayobaki ni ya wekundu. Mwaka 2008 Ole Seehausen na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba hata macho ya furu hawa yametofautiana: wa chini wana protini za jicho zinazopokea wekundu vizuri zaidi. Majike huchagua madume kwa rangi wanayoiona. Samaki wawili, ghuba moja, na kila mmoja ana ulimwengu wake. Maji yakichafuka mno tofauti hiyo hupotea, na jamii mbili huchanganyika zikawa moja. Mwandishi wa makala haya hajapata kuona maonyesho ya nuru yenye gharama ndogo na maana kubwa kuliko haya.

Sehemu yetu hii ya dunia ina deni jingine katika hadithi ya nuru isiyoonekana. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini Ngomeni, karibu na Malindi, Waitalia na Wamarekani walirusha chombo cha kwanza kilichotengwa kwa kazi ya kutafuta eksirei za mbinguni. Ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, na chombo kikaitwa Uhuru. Hakikuwa na kamera. Kilizunguka polepole, kikahesabu, na kwa kuhesabu tu kikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Leo hesabu za namna hiyo hutiwa rangi na kuwa mapambo ya ukutani, na wachache wanaojua kwamba mojawapo ya milango yake ilifunguliwa kwa neno la Kiswahili.

Wasanii wenyewe hawafuati njia moja. Waingereza wawili, Ruth Jarman na Joe Gerhardt, wanaojiita Semiconductor, walikaa katika maabara ya sayansi ya anga ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakazichukua picha za jua zilizokuwa bado hazijasafishwa. Kazi yao ya mwaka 2006, Brilliant Noise, na ile ya mwaka 2009, Black Rain, iliyotokana na vyombo viwili vya STEREO, imejaa mikwaruzo, madoa na mapengo. Mtaalamu angeyafuta yote hayo. Wao waliyaacha makusudi, ili mtazamaji aone kwamba kuna chombo kinachotazama, na kwamba chombo hicho hupigwa na chembe za jua, hupofuka kidogo, kisha huendelea na kazi. Mimi nawapenda zaidi hawa kuliko wale wenye mawimbi laini ya rangi. Bwana Anadol ni fundi mkubwa. Lakini rangi ambayo kompyuta imeichanganya kutoka picha milioni 2 haiwezi tena kuulizwa swali. Ukiigusa kwa kidole na kusema "hapa ni wapi?", hakuna jibu.

Nyekundu ya mwaloni

Wakazi wa Mwanza wana sababu ya kupenda picha zinazoweza kuulizwa. Gugumaji lilipovamia ziwa katika miaka ya 1990, likaziba bandari na mialo, picha za Landsat zilisaidia kupima ukubwa wake. Katika picha nyingi za aina hiyo mimea huonyeshwa kwa rangi nyekundu, kwa kuwa majani mabichi hurudisha kwa wingi infraredi ambayo jicho halioni, na wataalamu wamezoea kuipa infraredi hiyo wekundu. Asiyejua kanuni angesema ziwa linatoka damu. Anayejua angesema: hapa ni majani, na yamekwisha kufika pale.

Siku moja, katika mwalo wa Kirumba, nilimwonyesha mzee mmoja aliyevua dagaa maisha yake yote mfululizo wa picha za Meteosat ndani ya simu. Ulikuwa ni usiku mmoja wa mvua. Madoa mekundu yalichipuka juu ya ziwa, yakatanuka, yakaungana. Mzee aliyatazama kwa makini, kisha akaniuliza kama pale palikuwa na moto. Nikamjibu, hapana, mzee wangu. Wekundu huo ni kilele cha wingu, kilomita kama 16 kwenda juu, ambako baridi hufika nyuzi 80 za Selsiasi chini ya sifuri. Wingu likiwa refu zaidi ndivyo kilele chake kinavyokuwa baridi zaidi, na mara nyingi wachoraji hukipa wekundu ili kiwe onyo. Mzee akacheka, akasema aliyepaka rangi hiyo hajapata kulowa.

Aliyoyaona mzee yule katika simu ndiyo yaliyokuwa yakimpata yeye na wenzake kila msimu. Na sababu yake, kwa kifupi, ni hii. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani. Mawingu ya radi hujengeka juu ya nchi kavu wakati wa alasiri, na ziwa hubaki wazi. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, lakini maji, yenye nyuzi 25 hivi, hubaki na joto lake. Upepo sasa hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Na kwa kuwa ziwa hili ni kama duara, upepo hutoka pande zote, Mwanza na Musoma, Kisumu, Entebbe na Bukoba, ukakutana katikati. Hewa iliyokutana haina njia ila juu. Huinuka ikiwa imejaa unyevu, hupoa, na kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri ziwa huwa tanuri la radi.

Huo ndio wakati wa dagaa. Wavuvi wa dagaa huhitaji giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa zao hazivuti samaki. Hivyo katika usiku ule ambao mtu hawezi kuona wingu likija, ndipo mitumbwi huwa mingi zaidi majini, na karabai na taa za umeme wa jua huonekana kutoka pwani kama mji wa pili. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hili kwa nchi zote tatu, wengi wao kwa sababu ya dhoruba. Ni makadirio tu, maana mtu aliyezama Ukara au Kome mara nyingi huzikwa na ndugu zake, kama maiti ikipatikana, bila karatasi yoyote kuandikwa.

Mwaka 2016 Mbelgiji Wim Thiery na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu dhoruba hizi. Walizitazama picha za Meteosat za mwaka 2005 hadi 2013, wakihesabu vilele vya mawingu vilivyopenya juu kupita kiasi, ambavyo ni alama ya dhoruba kali. Waliona kwamba kadiri dunia inavyopata joto, mvua kubwa kupita kiasi zitaongezeka juu ya ziwa kwa kasi iliyo maradufu kuliko juu ya nchi inayolizunguka. Mwaka uliofuata walionyesha jambo ambalo mvuvi anaweza kulitumia jioni ile ile: dhoruba za alasiri juu ya nchi kavu ni dalili ya yale yatakayotokea ziwani usiku. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada yake Mwanza, na kati ya mwaka 2017 na 2021 mpango wa kimataifa ulioitwa HIGHWAY ulizisaidia idara za hali ya hewa za nchi za ziwa kutoa utabiri kwa ajili ya wasafiri na wavuvi. Utabiri huo hutoka kwa maneno na kwa ramani. Lakini kati ya ramani na mtu anayesukuma mtumbwi wake saa kumi na mbili jioni kuna umbali, na sehemu ya umbali huo ni ile ya mzee wangu: mtu hawezi kuogopa rangi asiyojua maana yake.

Kwa hiyo, kama chumba cha video chenye kuta nne kingejengwa siku moja Mwanza au Bujora, ningeomba kisianze na nyota za mbali. Kianze na ziwa. Sakafu iwe maji yenyewe, na mtazamaji asimame mahali palipoandikwa Ukerewe. Kizazi kipya cha Meteosat, ambacho chombo chake cha kwanza kilirushwa tarehe 13 Desemba 2022, hupiga picha ya Afrika kila baada ya dakika 10, na hubeba pia chombo cha kuona mimweko ya radi. Siku moja, basi, ni picha 144. Zikipitishwa kwa mwendo wa sinema, picha 24 kwa sekunde, siku nzima ya ziwa hupita kwa sekunde 6: pwani huwaka alasiri, ziwa huwaka usiku, pwani, ziwa, pwani, ziwa, kama kifua cha mtu anayepumua. Mtoto wa shule angelielewa jambo hilo kabla mwalimu hajafungua kinywa. Mikwaruzo na mapengo yaachwe, kama walivyofanya wale Waingereza. Ukutani iandikwe kwa herufi kubwa kila rangi ina maana gani, na maandishi hayo yasitungwe kabla ya kwenda Kirumba kuuliza wekundu ufae nini.

Kisha picha zipunguze mwendo na kusimama saa kumi na mbili jioni ya siku moja ya kweli, wakati mitumbwi inaposukumwa. Juu ya Magu na Serengeti kuna madoa. Juu ya maji hakuna kitu. Watu wachague, kama wanavyochagua kati ya Bagika na Bagalu: wanaokwenda ziwani wasimame upande huu, wanaobaki wasimame upande ule. Wavuvi wazee wapewe nafasi ya kusema kwa nini wamesimama waliposimama, maana wao wamezoea kusoma upepo, mawimbi na umeme wa mbali, na baadhi ya dalili zao bado hazijapimwa na chombo chochote. Taa zizimwe. Baada ya hapo picha ziendelee, moja moja, kila dakika 10 za usiku ule, mpaka asubuhi.